James Joyce: uanze na kipi kati ya vitabu vyake vinne?

Sifa ya James Joyce humtangulia, na sifa hiyo ndiyo inayowafukuza wasomaji. Mtu husikia kuna Mwairishi aliyeandika riwaya ngumu kupindukia, anakimbilia Ulysses kwa kuwa ndilo jina analolijua, anafika sura ya tatu, anabwaga manyanga, na tangu siku hiyo Joyce kwake ni mwandishi wa maprofesa. Mwingine anashauriwa amsome kwa kufuata miaka, kitabu cha kwanza mpaka cha mwisho. Huyu naye anakwama kwenye cha pili, amechoshwa na kijana mmoja mwenye majivuno, na kile alichokusudia kukisoma hakifikii.

Vitabu vyake vya hadithi ni vinne tu: Dubliners (1914), A Portrait of the Artist as a Young Man (1916), Ulysses (1922) na Finnegans Wake (1939). Ipo tamthilia moja na mashairi pia, ila hayo yanaweza kungoja. Wengi huvipanga vinne hivi kama ngazi, kila kipandio kigumu kidogo kuliko kilicho chini yake. Mimi sikubaliani na mpango huo. Dubliners inasomeka vizuri kabisa lakini inaficha inachosema. Portrait inataka umvumilie mhusika mkuu. Ulysses inabadili mtindo kila unapoanza kuuzoea. Wake imeivunja lugha yenyewe. Hizo ni aina nne za ugumu, na msomaji anayeshindwa na mmoja anaweza kabisa kuumudu mwingine. Cha kujiuliza kabla hujatoa pesa ni ugumu upi unauweza.

Nachukulia utamsoma kwa Kiingereza.

Mwandishi mwenyewe

Alizaliwa Dublin tarehe 2 Februari 1882, mkubwa kati ya watoto kumi waliosalia hai. Baba yake, John, alikuwa mkusanya kodi mwenye sauti nzuri ya kuimba, mnywaji, na hodari wa kufuja mali. Alipopoteza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1890 familia ikaanza kuhamahama mlemle Dublin, na hali ikizidi kuwa duni. Kijana alisomeshwa na Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, kwanza shule ya bweni ya Clongowes Wood, kisha Belvedere, akamaliza chuo kikuu mwaka 1902. Mwezi Juni 1904 alikutana na Nora Barnacle, binti wa Galway aliyekuwa mtumishi wa vyumbani hotelini. Oktoba mwaka huohuo wakaondoka Ireland pamoja bila kufunga ndoa. Ndoa waliifunga 1931, watoto wao wawili wakiwa watu wazima.

Maisha yaliyobaki aliyapitisha ugenini. Trieste, bandari iliyokuwa chini ya Austria-Hungaria, akifundisha Kiingereza na kukopa huku na huku. Zurich wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Paris kwa miaka 20. Kisha Zurich tena, akikimbia vita vya pili, na huko akafa tarehe 13 Januari 1941. Macho yalimtesa na alipasuliwa mara nyingi. Binti yake Lucia aliugua ugonjwa wa akili na akaishia kulazwa miaka mingi. Kilichomweka mjini kwa muda mrefu ni fedha za Harriet Shaw Weaver, mwanamke Mwingereza aliyemfadhili bila kuchoka hata alipoanza kutilia shaka anachoandika. Mara ya mwisho Joyce kukanyaga Ireland ilikuwa 1912, na bado hakuandika kitabu hata kimoja cha hadithi kinachohusu mji mwingine usio Dublin.

Kuna jambo dogo la kutazama dukani kabla hujachagua. Vitabu vitatu kati ya vinne vimetiwa mahali na miaka kwenye ukurasa wa mwisho. Portrait: Dublin 1904, Trieste 1914. Ulysses: Trieste, Zurich, Paris, 1914 hadi 1921. Wake: Paris, 1922 hadi 1939. Yaani miaka kumi, saba, na kumi na saba. Mtu wa namna hiyo hatarajii umsome kwa pupa.

Dubliners: hapa hapana ubishi

Hizi ni hadithi fupi 15 za watu wa kawaida wa Dublin: makarani, wenye nyumba za kupangisha, vijana wasio na kazi, mabinti waliochelewa kuolewa. Kiingereza chake ni safi, sentensi zinakwisha zinapopaswa kukwisha, na aliyemaliza sekondari hatahitaji kamusi mara nyingi. Kinachosumbua ni kitu kingine. Joyce hakuelezi hadithi imehusu nini. Anaikata mapema, mara nyingi dakika moja kabla ya jambo ulilokuwa unalisubiri, na unabaki unageuza ukurasa kutazama kama kuna karatasi imechanika.

Chukua "Counterparts". Farrington ni karani wa kunakili mikataba, jitu lenye mwili mkubwa, linalogombezwa mbele ya wenzake na bosi mwenye mwili mdogo. Anatoroka kazini kwenda kunywa, anaweka saa yake rehani apate shilingi sita, usiku anawasimulia marafiki jinsi alivyomjibu bosi, na wanamnunulia. Kisha anashindwa mchezo wa kusukumana mikono na kijana wa Kiingereza, mbele ya watu. Pesa zimekwisha na hata kulewa hajalewa vizuri. Anarudi nyumbani, mke yuko kanisani, moto wa jikoni umezimika. Anachukua fimbo na kumwangukia mwanawe mdogo. Mtoto amepiga magoti, analia, na anamwahidi baba yake kwamba atamsalia Salamu Maria kama hatampiga. Hadithi imeishia hapo. Hakuna neno la kulaani wala la kusamehe, na mnyororo wa kudhalilishana kuanzia ofisini mpaka jikoni umeuona mwenyewe bila kuonyeshwa kwa kidole.

Si lazima uzisome zote 15 kwa mpangilio. "Ivy Day in the Committee Room" na "Grace" zinahitaji ujue siasa na kanisa la Ireland la wakati ule, na zikikuchosha ziache. Anza na "Araby", halafu "Eveline", halafu "Counterparts", kisha uruke mpaka ya mwisho, "The Dead", ambayo ni ndefu kuliko zote.

Kama mtu angeniambia atasoma kitu kimoja tu cha Joyce maishani, ningempa "The Dead". Ni karamu ya msimu wa Krismasi kwa shangazi wawili wazee. Gabriel Conroy, mpwa wao msomi, anakata bata bukini mezani, anatoa hotuba, ana wasiwasi kama hotuba yake imewazidi kimo wasikilizaji. Baadaye, hotelini, akiwa na hamu na mkewe, anakuta mke analia. Wimbo uliopigwa karamuni umemkumbusha kijana wa Galway, Michael Furey, aliyesimama mvuani chini ya bustani akiwa mgonjwa ili amwone, na akafa akiwa na miaka 17. Gabriel anagundua kwamba katika ndoa yake yote kulikuwa na mtu wa tatu, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kumpenda mwanamke yeyote namna ile. Nora Barnacle alitoka Galway na alikuwa na kijana aliyempenda, Michael Bodkin, aliyefariki angali mdogo. Joyce aliichukua habari hiyo ya mkewe akampa Gabriel ahangaike nayo.

Kitabu hiki, ambacho leo kinaonekana cha upole, kilisota miaka minane kutafuta mchapishaji. Grant Richards wa London alikikubali 1906 kisha akarudi nyuma. Kampuni ya Maunsel ya Dublin ilikipiga chapa, ikaogopa majina ya baa za kweli na maneno kuhusu mfalme, na mwaka 1912 karatasi zikaharibiwa. Mwishowe ni yuleyule Richards aliyekitoa 1914.

Portrait: inategemea umri wako

Ushauri wa kawaida ni kwamba baada ya Dubliners usome Portrait, kwa sababu ndiyo inayomleta Stephen Dedalus atakayerudi kwenye Ulysses. Ushauri huu una mantiki kwenye karatasi. Kwa vitendo naona umewapoteza wasomaji wengi kuliko uliowafikisha.

Si kwamba ni kitabu kibaya. Kina sura tano, na lugha inakua pamoja na mtoto: ukurasa wa kwanza ni maneno ya kitoto kuhusu ng'ombe njiani, wa mwisho ni shajara ya kijana anayefunga mizigo aondoke nchini. Nusu ya kwanza inashika kweli. Kuna chakula cha Krismasi ambapo watu wazima wanagombana kuhusu Parnell, kiongozi wa kisiasa wa Waairishi aliyeangushwa kwa kashfa ya kuishi na mke wa mtu na akafa 1891. Upande mmoja wanasema maaskofu walimsaliti, upande mwingine wanasema maaskofu walikuwa sahihi, na mtoto anamtazama baba yake akitokwa na machozi juu ya mlo usiokwisha. Kuna siku miwani yake imevunjika, mwalimu wake amemruhusu asiandike, na Padri Dolan anaingia darasani, anamwita mvivu na mwongo, na kumchapa viganja kwa kiboko cha ngozi. Aliyesoma bweni kwenye shule ya misheni, na mapadri wa Ireland waliziendesha kadhaa Kenya, hatahitaji maelezo ya ziada hapo.

Halafu kuna mahubiri ya mafungo. Padri anawaelezea wavulana jehanamu: kuta zake zina unene wa maili elfu nne, na waliolaaniwa wamelundikana kiasi kwamba hawawezi hata kumtoa mdudu anayelila jicho. Yanaendelea kurasa kwa kurasa. Joyce hayafanyii mzaha. Anayaandika kwa ustadi wote wa mhubiri, na wewe unatetemeka pamoja na mtoto.

Tatizo ni sura ya tano. Stephen amekuwa mwanafunzi wa chuo, na anawahutubia wenzake kuhusu urembo kwa kumfuata Thomas Aquinas, mwanafalsafa mkuu wa Kanisa Katoliki. Ana akili, hana ucheshi, na hakuna anayemkatiza kwa muda wa kutosha. Joyce alijua kabisa kwamba kijana huyu ana majivuno, na kinaya kimejaa pale, ila ni kinaya cha chinichini ambacho msomaji wa mara ya kwanza hukikosa. Anaona tu kijana anajisifu.

Kwa hiyo: kama una miaka 20 hivi na umegombana na kanisa, msikiti au baba yako, au unataka kuondoka nyumbani ukaandike, chukua Portrait leo, hata kabla ya Dubliners. Kitakusemea mambo ambayo hujapata pa kuyasemea. Kama umeshalea watoto, kiache mpaka umalize Ulysses. Ukirudi baadaye utamwonea Stephen huruma ambayo hungekuwa nayo mwanzoni.

Ulysses: ruka sura tatu za kwanza

Kisa chenyewe hakina siri. Ni siku moja, Alhamisi ya tarehe 16 Juni 1904, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka usiku mkubwa. Joyce aliichagua tarehe hiyo kwa sababu ndiyo siku aliyotoka na Nora mara ya kwanza. Leopold Bloom, miaka 38, dalali wa matangazo ya gazeti, anatoka nyumbani kwake namba 7 Eccles Street, anakwenda maziko, anahangaikia tangazo la duka moja, anakula mchana, anazunguka mji, anarudi kulala. Siku nzima anajua kwamba alasiri mkewe Molly, mwimbaji, atampokea nyumbani mwanamume mwingine. Stephen Dedalus naye anazunguka mji huohuo, na usiku njia zao zinakutana. Sura ni 18, na nyuma ya kila moja kuna kituo cha safari ya Odysseus (ndiye Ulysses kwa Kilatini) kurudi kwake katika utenzi wa Homer. Huhitaji kuusoma utenzi huo kwanza; muhtasari wa ukurasa mmoja unatosha.

Kinachowakwamisha watu ni kwamba sura tatu za mwanzo si za Bloom. Ni za Stephen, na ya tatu yake ni matembezi ya ufukweni ambapo anawaza kuhusu Aristotle, mama yake aliyefariki na mawimbi, akichanganya Kilatini, Kifaransa, Kiitaliano na Kijerumani. Ni nzuri, baadaye. Kuiweka mwanzoni mwa kitabu ilikuwa jeuri ya mwandishi, na hulazimiki kumtii.

Fungua sura ya nne. Bloom yuko jikoni anamwandalia mkewe chai, na paka anamzunguka miguuni. Paka anadai maziwa mara tatu, na kila mara Joyce anaandika mlio wake kwa herufi tofauti kidogo, ukirefuka kadiri anavyongojeshwa: "Mkgnao", "Mrkgnao", "Mrkrgnao". Bloom anazungumza naye kwa heshima, anajiuliza yeye anaonekana mkubwa kiasi gani machoni pa paka, kama mnara labda. Anatoka kwenda bucha kununua figo la nguruwe, anamtazama mtumishi wa jirani aliye mbele yake kwenye foleni, anaharakisha muuzaji ili apate kumfuata nyuma njiani, anachelewa. Akirudi anakuta barua sakafuni, ya mwandiko wa kujiamini, imeandikwa jina la mkewe. Anaipeleka juu chumbani. Molly anaisukuma chini ya mto. Figo linaungua.

Humo umepata kila kitu unachohitaji kujua kuhusu mbinu. Sentensi inaanza na msimulizi na inaishia ndani ya kichwa cha Bloom, bila alama yoyote ya kukuonya. Uzungumzi nafsi tuliofundishwa darasani ni huu, ila hapa hauna tangazo la "akawaza moyoni". Baada ya kurasa kumi sikio linazoea.

Soma ya nne, ya tano na ya sita mfululizo. Ya sita ni ya maziko. Bloom yumo ndani ya gari la farasi na wanaume watatu wanaomwita mwenzao kwa shingo upande, kwa sababu baba yake alikuwa Myahudi kutoka Hungaria. Mazungumzo yanaangukia watu wanaojiua. Mmoja anasema hakuna aibu kubwa kwa familia kuliko hiyo, mwingine anaongeza kwamba anayefanya hivyo ni mwoga. Wa tatu, Martin Cunningham, anatazama saa yake, anakohoa, anasema si juu yetu kuhukumu. Bloom alikuwa anataka kusema kitu, anafumba mdomo. Kisha, kwa vipande vifupi, inamjia chupa yenye lebo nyekundu, chumba cha hoteli, barua iliyoandikiwa mwana. Baadaye makaburini Cunningham anamnong'oneza mwenzake kwamba baba yake Bloom alikunywa sumu. Hapo ndipo wengi huanza kumpenda Bloom, na ukishampenda, ugumu wa kitabu unapungua nusu.

Baada ya hapo chagua. Ya nane ni ya chakula cha mchana na njaa, tamu sana. Ya 12 inatokea baa, ambapo mzalendo mmoja mwenye kelele anamkabili Bloom: taifa lako ni lipi? Bloom anajibu kwamba ni Ireland, amezaliwa hapohapo. Yule anatema mate. Inaishia kwa kurushiwa kopo la biskuti. Msomaji wa kwetu ambaye amewahi kuulizwa "lakini kwenu hasa ni wapi?" na mtu aliyeshajiandalia jibu ataisoma sura hii kwa namna yake. Ya 14 inaiga historia nzima ya nathari ya Kiingereza, mtindo baada ya mtindo. Mara ya kwanza iruke bila aibu. Ya 15 ni ndefu kuliko zote na imeandikwa kama tamthilia ya jinamizi. Ya 17 ni maswali na majibu, mithili ya katekisimu, kavu kwa makusudi, na ndani ya ukavu huo kuna huzuni ambayo hukuitarajia kuhusu mtoto wao wa kiume aliyeishi siku 11. Ya 18 ni Molly kitandani, sentensi nane ndefu karibu bila alama za uakifishaji. Isome kwa sauti, vituo utavipata mwenyewe.

Kisha ndipo urudi sura ya kwanza.

Wapo wanaoitafuta Ulysses kwa sababu ilipigwa marufuku. Ni kweli: jarida la Marekani lililokuwa likiitoa kwa vipande lilishtakiwa kwa uchafu, na mwaka 1921 wahariri wake, Margaret Anderson na Jane Heap, wakatozwa faini. Hakuna mchapishaji wa Kiingereza aliyethubutu, mpaka Sylvia Beach, Mmarekani mwenye duka la vitabu Paris, alipoitoa nakala 1,000 siku Joyce alipotimiza miaka 40. Marekani iliiruhusu kwa hukumu ya Jaji Woolsey mwaka 1933. Lakini kwa macho ya leo, anayeinunua kwa ajili ya uchafu atakuwa amelipia kurasa nyingi sana kwa kidogo sana.

Finnegans Wake: usiilinganishe na Ulysses

Watu husema ni Ulysses iliyozidishwa. Hapana. Ulysses, hata pale inapokera, ina mtaa, saa, jina la duka. Ukipotea unaweza kuuliza njia. Wake haina ardhi hiyo. Karibu kila neno limeundwa kwa maneno mawili au matatu yaliyobanwa pamoja kutoka lugha mbalimbali, na kila moja linavuta upande wake. Inaanza katikati ya sentensi, kwa herufi ndogo, na inaisha kwa sentensi isiyokamilika, ili mwisho ukaunganike na mwanzo. Kati ya hapo kuna kurasa zaidi ya 600, mwenye baa wa kitongoji cha Dublin aliyelala, mkewe Anna Livia ambaye pia ni mto Liffey, wana wawili mahasimu, binti, na tetesi za kosa lililotendeka bustanini ambalo kila mtu analisimulia tofauti.

Kuna sura moja, ya nane, ninayoweza kumpa mtu yeyote. Wanawake wawili wanafua nguo kando ya mto, kila mmoja ukingo wake, wanamsengenya Anna Livia kwa raha zote za kusengenya. Joyce amefuma humo majina ya mito kwa mamia. Giza linaingia, mto unapanuka, hawasikilizani vizuri, na mwisho mmoja anageuka mti na mwingine jiwe. Sura hii ina Kiswahili ndani yake. Anna Livia anaitwa "Wendawanda, a fingerthick", na msomaji wa Kiingereza atapita bila habari, wakati anayelijua neno wanda, ule upana wa kidole, anaona mara moja unene wa kidole umetoka wapi. Joyce hakukijua Kiswahili. Aliokota maneno, kama alivyookota ya lugha nyingine nyingi. Hata hivyo ni raha kumkuta mtu wa nyumbani kwenye umati ule.

Kabla ya kuisoma, isikilize. Mwaka 1929 Joyce alirekodiwa akisoma sehemu ya mwisho ya sura hiyo, dakika nane hivi, kwa lafudhi ya Dublin, na rekodi inapatikana bure kwenye intaneti. Ikikufurahisha hata bila kuelewa, Wake inaweza kuwa yako. Ikikuudhi, umeokoa fedha. Kipimo kingine: aliyepita kwenye Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi na akafurahia kutojua yuko wapi ana moyo unaohitajika, ingawa Kezilahabi alimwachia lugha iliyo nzima.

Na usiisome peke yako. Kitabu hiki huishi kwenye vikundi, ukurasa mmoja au miwili kwa kikao, mtu mmoja akileta Kijerumani chake na mwingine nyimbo za kanisa. Kikundi kimoja cha Venice, California, kilianza mwaka 1995 na kufika ukurasa wa mwisho 2023.

Muda na matoleo

Mwenye wikendi moja asome "The Dead" na hadithi mbili tatu za kuitangulia. Mwenye likizo achukue Ulysses kwa njia niliyoitaja. Mwenye mtihani wa fasihi ya Kiingereza na muda mfupi achukue Portrait, kwa sababu inafupishika na maswali yake yanatabirika. Wake haina msimu.

Dubliners, Portrait na Ulysses zinapakuliwa bure na kihalali kutoka Project Gutenberg, na kwa mbili za kwanza nakala hiyo inatosha. Ulysses bila maelezo itakuonea. Ya Oxford World's Classics imechapa upya matini ya 1922 pamoja na maelezo ya Jeri Johnson nyuma, na ndiyo ningemnunulia anayeanza. Ya Hans Walter Gabler, iliyotoka 1984, imesahihisha makosa mengi ya wapiga chapa na mistari yake ina namba, kwa hiyo inafaa kama unatumia kitabu cha ufafanuzi kando. Yenyewe haikuelezi chochote. Usiposhika kwa macho, redio ya taifa ya Ireland, RTÉ, iliiigiza nzima mwaka 1982, karibu saa 30, na unaweza kuisikiliza sura ya nne ukiwa kwenye foleni ya magari huku kitabu kimefungwa mapajani.